"Wavuvi na wanawake": jinsi au jinsia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wachakataji dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Fomu ya mkopo wa halmashauri imeandikwa "Jinsi", lakini kwenye muhtasari wetu kuna ajenda ya "Jinsia". Mzee mmoja wa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, alisema ajenda hiyo tuwaachie akina mama, ni mambo yao. Je, maneno haya ni mamoja? Halafu niliandika "Waliohudhuria: wavuvi 11 na wanawake 7", mwenzangu akanicheka. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Fomu jaza bila wasiwasi: jinsi ni Me au Ke, basi. Wanaiuliza kwa sababu ya fungu. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu.

Jinsia ndiyo yenye mambo. Wanasosholojia walitaka kutenganisha maumbile na desturi. Ann Oakley wa Uingereza aliifafanua tofauti hiyo mwaka 1972, na wengi wakamfuata. Nasi Tanzania tukazoea kuacha jinsi ibebe maumbile, na jinsia ibebe yale yaliyopangwa na jamii: kazi ipi ya nani, mali ipi ya nani, nani aseme kikaoni. Kenya mara nyingi jinsia hubeba yote mawili, na hata kwetu ukisema hivyo kijiweni hakuna atakayekusahihisha. Hasara inakuja kwenye ripoti.

Angalia hapohapo mwaloni. Usiku wa giza wanaume wanaingia ziwani na taa. Alfajiri boti zikirudi, akina mama ndio wanaopokea dagaa wabichi, wakawaanika mchangani au kwenye chanja, wakawageuza, huku jicho liko kwenye mawingu. Kwamba mwanamke ndiye abebaye mimba, hiyo ni jinsi. Kwamba mwanamume ndiye wa ziwani na mwanamke ndiye wa kuanika, hiyo ni jinsia. Hakuna kiungo walichopewa wanawake peke yao cha kugeuzia dagaa. Mimi hujiuliza swali moja tu: je, kikao au sheria inaweza kulibadilisha jambo hili? Ikiweza, ni jinsia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitaka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Maumbile ya mtu hayakuguswa. Kilichoguswa ni kiti.

Kwa hiyo mzee amekosea, ingawa simlaumu sana. Hotuba zetu zimeligeuza neno jinsia kuwa jina la adabu la wanawake. Lakini hebu soma jina la wizara: Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kama jinsia ndiyo wanawake, wangeyaandika yote mawili ya nini?

Sasa hao "wavuvi na wanawake". Mwenzako ana haki ya kucheka. Ngeli ya A-WA haibagui: mvuvi ni mvuvi, awe baba au mama, kama ilivyo kwa mkulima, mwalimu na mwenyekiti. Wewe umewataja 11 kwa kazi yao na 7 kwa maumbile yao. Atakayeusoma muhtasari huo Dodoma atadhani hao 7 walikuja kusindikiza, kumbe pengine yumo mwenye boti na nyavu zake, anayelipia mafuta kila chombo kikitoka, ila tu yeye mwenyewe haingii majini. Huyo jina lake ni mwenye chombo. Anayeanika ni mchakataji, neno la ofisini kweli, lakini linampa kazi yake, na linamfaa pia mwanamume anayeanika.

Andika: "Waliohudhuria: wanachama 18 (Me 11, Ke 7)", kisha uwapange upya wote 18 kwa kazi: wavuvi wangapi, wenye vyombo wangapi, wachakataji wangapi. Na ajenda ya jinsia ikifika mzee abaki. Mpeni yeye zamu ya kwanza, aeleze dagaa wakishauzwa hela inashikwa na nani.