Dubu mweusi si lazima awe mweusi: jinsi ya kumtambua porini

Ndugu mleta mada,

Nimeusoma uzi wako pamoja na michango yote iliyofuata. Umeeleza kwamba familia yako imehamia magharibi mwa Montana, jimbo la Marekani, kwa sababu ya kazi, na kwamba jioni moja, mkiwa barabarani karibu na Seeley Lake, dubu wa rangi ya mdalasini alivuka mbele ya gari lenu, akasimama kidogo ukingoni, nawe ukawahi kumpiga picha moja ya ubavuni. Wachangiaji wengi wamekujibu kwamba huyo ni grizli, yaani ile aina nyingine ya dubu wa huku, kwa kuwa ni wa kahawia, na mmoja ameongeza kwamba dubu mweusi angekimbilia mtini. Mimi nafanya kazi katika kikosi kinachosafisha njia za msituni katika milima hiyo hiyo, ambako dubu wa aina zote mbili wanaishi, na kwa ninavyoona picha yako, huyo uliyemwona ni dubu mweusi. Naomba nieleze kwa kirefu kwa nini nasema hivyo, maana familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zikiwemo za Kikongo zilizoanza kupokelewa mjini Missoula, huku Montana, mwaka 2016, zimetoka katika nchi zisizo na dubu kabisa, na hakuna aliyekua akifundishwa na wazazi wake namna ya kumtazama mnyama huyu.

Nianze na rangi, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Dubu weusi wa mashariki ya Marekani karibu wote ni weusi kweli, na pengine sifa ya rangi ilienea kutoka huko. Kadiri unavyokuja magharibi, hali inabadilika: wapo weusi, wapo wa kahawia iliyokoza, wapo wa rangi ya mdalasini kama wako, na wapo waliopauka hadi kukaribia rangi ya majani makavu. Katika pwani ya British Columbia wapo weupe kwa sababu ya urithi wa vinasaba, si kwa ugonjwa, na kusini mashariki mwa Alaska wapo wa kijivu chenye kuelekea ubuluu. Mama mmoja anaweza kutembea na watoto wa rangi mbili tofauti. Grizli naye hana rangi moja: wapo wa njano iliyofifia na wapo walio karibu kuwa weusi kabisa. Zile ncha nyeupe za manyoya zinazosemwa sana huonekana vizuri jua likimpiga kwa nyuma, lakini manyoya yakilowa, au yanapopukutika mwanzoni mwa kiangazi, hata ncha hizo hazisaidii. Kwa hiyo mtu anayekuambia jina la dubu kwa kutazama rangi peke yake anakisia tu, hata kama amezaliwa huku.

Jambo la kuuliza kwanza kabisa ni mahali ulipo. Ukiwa Pennsylvania, Maine au Carolina Kaskazini, dubu wa porini utakayekutana naye ni mweusi, na mjadala unaishia hapo. California ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu grizli yuko kwenye bendera ya jimbo lakini alitoweka huko tangu miaka ya 1920, hivyo kila dubu wa kahawia anayepigwa picha leo katika milima ya Sierra Nevada ni dubu mweusi mwenye manyoya ya kahawia. Ukiiacha Alaska, grizli wa Marekani waliobaki wanakadiriwa kuwa kama 2,000, na wengi wao wako Montana, Wyoming na Idaho, pamoja na wachache sana Washington. Sisi wa magharibi mwa Montana hatuwezi kulimaliza jambo kwa kutaja mahali, wala nisingependa mtu ajipe moyo kwamba bonde fulani halina grizli. Wanatanuka na kurudi mahali walikotoweka zamani. Mwaka 2018 grizli kijana alinaswa kwenye uwanja wa gofu karibu na Stevensville, katika bonde la Bitterroot, mahali ambapo wakazi wengi hawakumtegemea.

Basi tutazame mwili wenyewe. Grizli ana nundu juu ya mabega, na yeyote aliyekulia karibu na ng'ombe wetu wa kienyeji anaijua nundu kwa jicho bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba ya grizli ni fungu la misuli inayoendesha miguu ya mbele, kwa kuwa yeye ni mchimbaji mkubwa wa mizizi na wa wanyama wadogo wa mashimoni. Dubu mweusi hana nundu hiyo. Akisimama kwa miguu minne kwenye ardhi tambarare huku kichwa kikiwa usawa wa kawaida, sehemu yake ya juu kabisa huwa mgongoni katikati au nyuma kwenye nyonga, na ukimfuata kwa macho kutoka shingoni kwenda nyuma unaona mstari unaopanda taratibu. Kwa grizli mstari huo hupanda ghafla mabegani kisha ukashuka kuelekea nyuma.

Nimetaja ardhi tambarare na kichwa kilicho usawa wa kawaida kwa makusudi. Dubu yeyote akiinamisha kichwa kula majani, mabega yake huinuka, na dubu mweusi mnene wa mwezi Septemba, akiwa amesimama mteremkoni miguu ya mbele ikiwa juu, anaweza kuonekana ana nundu isiyo na shaka. Subiri ageuke. Subiri atembee hatua kadhaa na kuinua kichwa. Katika picha yako dubu amesimama kwenye changarawe ya ukingo wa barabara, kichwa kiko juu kidogo, na nyonga zake ziko juu kuliko mabega. Hilo ndilo lililonishawishi kwanza.

Lililonishawishi zaidi ni uso na masikio. Mchore dubu mweusi kwa upande: kutoka kwenye paji hadi ncha ya pua ni mstari ulionyooka, au wenye kuvimba kidogo katikati. Grizli ana uso uliobonyea kati ya macho na pua, kana kwamba umesukumwa kwa ndani. Masikio ya dubu mweusi ni marefu, yamesimama na yana ncha inayoonekana hata kwa mbali, ilhali ya grizli ni mafupi, ya mviringo, na nusu yake hufunikwa na manyoya ya kichwa. Angalizo ni kwamba dubu wadogo wa aina zote mbili huwa na masikio yanayoonekana makubwa kuliko kichwa, kwa hiyo kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili usitegemee masikio peke yake.

Kila mwaka mwezi Mei, theluji ikishapungua kwenye miteremko inayotazama kusini, dubu waliotoka mapangoni hushuka kula majani mabichi, na huo ndio wakati bora wa kujifunza kwa sababu wanakaa muda mrefu mahali pamoja, peupe, na unaweza kuwatazama kutoka upande wa pili wa bonde. Nakumbuka mmoja wa rangi ya kahawia iliyopauka aliyekuwa akila maua ya njano ya mchunga. Alikuwa akiyavuta kwa midomo, moja moja, kwa utulivu ambao sikuutarajia kwa mnyama wa ukubwa ule, na kila alipoinamisha kichwa mabega yalipanda hadi mwenzangu akaanza kusema ni grizli. Tukaendelea kumtazama kwa darubini. Alipoinua kichwa kunusa upepo, mabega yalishuka, masikio yakasimama wima kama ya mnyama anayesikiliza, na uso wake kwa upande ulinyooka bila kubonyea popote. Pua na mdomo vilikuwa vya rangi nyepesi kuliko uso, alama ambayo dubu weusi wengi wanayo. Alikuwa mweusi kwa kila kigezo isipokuwa rangi.

Kucha nazo ni ushahidi mzuri, ingawa mara nyingi utaziona kwenye matope kabla hujamwona mwenyewe. Kucha za mbele za grizli huwa na urefu wa sentimita 5 hadi 10, zimepinda kidogo tu, na mara nyingi ni za rangi nyepesi, kiasi kwamba kwa darubini unaweza kuziona ziking'aa akitembea. Za dubu mweusi ni fupi, nyeusi na zimepinda sana, kwa kuwa zinamfaa kupanda miti.

Kwenye unyayo wa mbele uliokaa vizuri matopeni kuna kipimo ambacho hutumiwa na watu wa wanyamapori na ambacho mimi hukitumia mara kwa mara. Kumbuka kwanza kwamba kidole kikubwa cha dubu kiko upande wa nje, kinyume na mguu wa binadamu, na kidogo kabisa kiko ndani. Chukua kijiti kilichonyooka, kiweke kiguse chini ya kidole kikubwa cha nje na kipite kwenye ukingo wa mbele wa kiganja, kisha utazame kidole kidogo cha ndani kimeangukia wapi. Kikiwa zaidi ya nusu yake kiko chini ya kijiti, ni dubu mweusi, kwa maana vidole vyake vimejipinda kama upinde. Kikiwa juu ya kijiti, ni grizli, ambaye vidole vyake vimepangika karibu kwa mstari na kubanana. Tazama pia vitobo vya kucha: kwa grizli viko mbali mbele ya vidole, kwa dubu mweusi viko karibu sana na wakati mwingine havionekani kabisa. Unyayo ulioteleza kwenye matope laini, au ulioyeyuka kwenye theluji, hudanganya. Tafuta mwingine mbele yake ulio safi kabla ya kutoa hukumu. Halafu fikiria umri wa nyayo hizo, kwa sababu kingo zilizo kali na maji yanayojichuja ndani yake yana maana ya kwamba mwenye nazo hayuko mbali.

Ukubwa nauweka kando kabisa. Dume la dubu mweusi lililoshiba linaweza kuwa zito kuliko jike la grizli, na mtu aliyeshtuka humkuza mnyama machoni pake. Kusimama kwa miguu miwili wote hufanya ili waone na kunusa vizuri. Kuhusu kupanda miti, mchangiaji yule hajakosea moja kwa moja, kwa kuwa dubu mweusi ni mpandaji hodari na mama huwatuma watoto wake mtini wakiona hatari, lakini grizli pia hupanda matawi yakimruhusu, na watoto wa grizli hupanda vizuri. Asije mtu akafikiri amepona kwa sababu yuko juu ya mti.

Kwa nini nasisitiza mambo haya yote yatazamwe kwa pamoja? Kwa mwindaji sababu iko wazi: katika majimbo haya grizli amelindwa kama mnyama aliye hatarini kwa sheria ya shirikisho tangu 1975, na Montana humtaka kila anayeomba kibali cha kuwinda dubu mweusi afaulu kwanza mtihani wa kutofautisha hao wawili. Ninauunga mkono mtihani huo kwa moyo wote, na ningependa hata wasiowinda waufanye, kwa kuwa uko mtandaoni na picha zake zinafundisha vizuri. Usijipe uhakika kwa kusogea karibu. Katika hifadhi za Glacier na Yellowstone sheria inataka ukae umbali usiopungua yadi 100, yaani meta 91 hivi, na umbali huo unafaa kila mahali. Kama kwa darubini bado huna hakika, mchukulie kuwa ni grizli na umwachie njia.

Kwa wachumaji wa matunda ya mlimani mwezi Agosti, wakati dubu nao wako kwenye vichaka hivyo hivyo, tofauti hii inagusa uhai. Tembeeni kwa kikundi, zungumzeni kwa sauti, na kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu liwe kiunoni, si ndani ya mkoba, maana linafanya kazi kwa dubu wa aina zote mbili na huna muda wa kufungua zipu. Dubu akikuona, usikimbie. Hutamshinda mbio hata kidogo. Rudi nyuma taratibu ukizungumza naye kwa sauti tulivu. Akija kwa kasi, puliza akiwa bado kwenye meta 10 hivi ili apite ndani ya wingu lile. Grizli aliyeshtuliwa, hasa mama mwenye watoto, akikufikia na kukugusa, lala kifudifudi, mikono nyuma ya shingo, miguu ukiitanua ili asikupindue, mkoba ubaki mgongoni, na usinyanyuke hadi awe ameondoka kabisa. Dubu mweusi akikushambulia usilale: pigana naye kwa chochote ulichonacho, mlenge usoni na puani. Na dubu wa aina yoyote anayekufuata kwa muda mrefu bila kelele, au anayeingia kwenye hema usiku, hayuko katika kujihami. Huyo pigana naye bila kuuliza jina lake.