Mkiwapeleka wageni Husuni Kubwa, semeni habari yote

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni Kilwa Kisiwani, msimu umeanza na nimewasikiliza vya kutosha. Sauti mnazo, lugha mnazo, wageni wanawapenda. Ila Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, mwenye kasri la Husuni Kubwa, mnamtendea isivyo haki, na makosa ni yaleyale ya waliowatangulia.

1. Msimwanzie Gereza, ile ngome ya ufukweni. Najua boti inawashusha pale na mgeni anataka kusikia jambo kubwa papo hapo. Lakini Wareno waliingia Kilwa mwaka 1505, na ngome mnayoiona leo ni ya enzi za Waomani. Al-Hasan alitawala mwanzoni mwa karne ya 14. Ukimtaja hapo, mgeni anaondoka akiamini Sultani alipigana na Almeida, kamanda wa Wareno.

2. Msikiti Mkuu aliupanua, hakuuanzisha. Sehemu ya kaskazini ilikuwepo kabla yake, na kuba nyingi zilizosimama ni za matengenezo ya karne ya 15.

3. Habari ya fakiri. Hapa ndipo panaponiuma, tukae kidogo.

Sote tunaisimulia. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na alikuwepo Ijumaa ile. Sultani anatoka kuswali, fakiri kutoka Yemen anamkabili njiani, anamwita kwa lakabu yake, Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anaomba nguo alizovaa. Sultani anasema atampa. Fakiri anasema, sasa hivi. Sultani anarudi, anaingia nyumbani kwa khatibu, anavaa nguo nyingine, anazivua zile na kumwita azichukue. Fakiri anazifunga kwenye kitambaa, anajitwika kichwani, anakwenda zake.

Mnaishia hapo. Wageni wanapiga makofi, bakshishi inatoka, mnasonga mbele.

Juzi mmoja wenu aliishia hapo hapo, na mama mmoja katika kundi, mtu mzima, mpole, akamuuliza: "Na wale watumwa?" Kijana akanyamaza. Alikuwa hajui, kwa sababu aliisikia kwa mwenzake, naye mwenzake kwa mwingine, na kila aliyeipokea aliipokea nusu. Niliumia kwa ajili ya kijana, kwa maana ni hodari kweli. Niliumia zaidi kwa ajili ya hao ambao tumewatoa kwenye hadithi kimyakimya, mwaka baada ya mwaka, ili mgeni atabasamu.

Habari inaendelea hivi. Mwana wa Sultani, aliyekuwa ametajwa kuwa mrithi wake, alizichukua zile nguo kwa fakiri na badala yake akampa watumwa 10. Sultani alipoona watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu 20 walibadilisha mkono kwa sababu ya joho moja. Ibn Battuta hataji jina la hata mmoja. Huyo huyo anaeleza kwamba Sultani alikuwa akienda vitani mara kwa mara kwenye nchi ya Wazanji, akileta ngawira, na khumsi yake, yaani fungu la tano, akiitenga. Masharifu, wa ukoo wa Mtume, waliotoka Iraki na Hijazi walipewa fungu lao humo.

Kwa hiyo msiogope. Alikuwa mkarimu, mcha Mungu, mnyenyekevu mbele ya maskini, na mali aliyogawa ilikuwa na watu ndani yake. Yote mawili yasemwe na mtu yule yule, pumzi ile ile. Mgeni atawaheshimu zaidi, na hata asipowaheshimu, semeni.

4. Utajiri uonyesheni kwa macho. Pale Husuni Kubwa wote mnakimbilia bwawa la pembe nane, na ni zuri, sikatai. Wapelekeni pia ua wa kusini wenye maghala, muwaeleze dhahabu iliyoshuka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, kutoka bara la Zimbabwe na ushuru wa Kilwa juu yake. Kisha watajieni sarafu: shaba ndogo, jina la al-Hasan upande mmoja, na maneno ya upande wa pili yanatiana vina na jina hilo. Moja ilipatikana Great Zimbabwe kwenyewe, mji ule wa kale wa mawe. Na acheni kumwita Mansa Musa wa Pwani, kwa kumfananisha na yule mfalme tajiri wa Mali. Waliishi zama moja, na wa kwetu anajitosheleza.

5. Daudi msimruke. Ndiye aliyemrithi ndugu yake al-Hasan, na akiombwa alikuwa akijibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Wageni huuliza kama hazina ilikwisha kweli. Waambieni kasri lile linaonekana halikumalizika na halikukaliwa muda mrefu, muwaache wabishane wenyewe hadi kwenye boti.

Kibali mkate Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na ratiba ya maji kupwa na kujaa muiangalie jioni ya kuamkia safari. Wazee wa watu wasitembezwe kwenye matope kwa sababu mlichelewa chai.