Miaka 17 si kizuizi

Mdogo wangu, umeuliza kama watakucheka ukimkumbatia Mickey, yule panya wa katuni, kule Disneyland, bustani ya burudani ya California, na una miaka 17. Hawakucheki! Tangu 1955 bustani ile hupokea wakubwa kwa wadogo, na watu wazima hupanga foleni ya Mickey bila hata kuandamana na mtoto. Kwa kawaida wahusika waliofunikwa uso kama Mickey hawasemi, hujibu kwa ishara, kwa hiyo muulize kitu au mchezeshe kidogo. Ila usivae vazi la mhusika. Siku za kawaida mwenye miaka 14 na zaidi haruhusiwi kuvaa hivyo. Furaha haina umri: hata hapa Lamu, kwenye mbio za punda wakati wa Maulidi, wazee ndio hupiga kelele zaidi, nami huwapenda kwa hilo. Mkumbatie Mickey, mdogo wangu.