Usitie formalini kabla hujavitazama vidudu vya dimbwi vikiwa hai!

Weka hiyo chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti za viumbe zisioze, chini. Nimesoma swali lako nikiwa stejini Kondele, nikaona heri nikose matatu kuliko kukuacha.

Kwa wanaoingia sasa: mdogo wetu wa Nakuru amechota maji ya madimbwi ya barabarani kule Kaptembwo, chupa 9, achore maumbile ya ndani ya siliata, vidudu vya seli moja vinavyoogelea kwa vinyweleo viitwavyo silia, kwa mradi wake wa mwaka wa nne. Anauliza atie formalini asilimia ngapi jioni hii ili maji "yasiharibike" hadi Jumatatu, na rangi gani inaonyesha kiini cha seli vizuri.

Mimi nilitia. Masika ya 2018, hapa Kisumu. Udongo wetu mweusi unashika maji kama karai, kwa hiyo Nyalenda nilipata madimbwi yaliyokaa karibu wiki mbili. Nikachota chupa 14, nikazipanga maabara kama mtu anayefungua duka. Msaidizi mmoja wa maabara akanipigia hesabu za formalini na kuniambia, "Tia zote, kijana, ukalale. Haziendi popote." Huyo mzee maisha yake yote alihifadhi mijusi na ngege kwenye magudulia. Mjusi ana mifupa, jameni! Mjusi ana ngozi! Siliata ni seli moja laini, na umbo lake lote linategemea iko hai na inatoa maji nje bila kupumzika. Lakini mzee alikuwa na koti jeupe na mimi nilikuwa na sandali, nikatii.

Siku ya tatu nikaweka tone chini ya hadubini. Mipira. Mipira mitupu ya kijivu, mingine imepasuka ikamwaga matumbo pembeni. Sasa sikiliza ujinga wangu: sikushtuka. Nilichora! Nikaandika kwamba dimbwi lina "siliata za mviringo, huenda aina tatu", kwa sababu mipira ilikuwa ya saizi tatu. Nyingi kati ya hizo, najua leo, zilikuwa Colpoda, aina moja ya siliata, na Colpoda hai haina mviringo wowote. Ina umbo la haragwe la nyayo, na mdomo wake uko palepale haragwe linapobonyea. Nilichora haragwe lisilo na mbonyeo, kisha nikatafuta mdomo wiki nzima.

Likaja la Paramecium, siliata nyingine. Kwenye chupa moja nilikuwa nimebakiza maji kidogo bila dawa, kwa kusahau, si kwa akili. Nikatia tone la rangi ya methili grini yenye asidi, kiini kikajitokeza kijani safi, nikapiga kelele maabara nzima. Pembeni mwa seli nikaona nyuzi ndefu zimesimama pande zote kama nungu aliyekasirika. Nikaandika: "silia ndefu mno, mara kadhaa kuliko ilivyoandikwa vitabuni." Nilidhani nimegundua kitu. Zile hazikuwa silia. Zilikuwa trikosisti, vijishale ambavyo Paramecium huvificha chini ya ngozi yake na kuvifyatua inapochokozwa. Nilimtia mnyama asidi, akanirushia mishale, nami nikaipima urefu na kuipa ukurasa mzima.

Siku ya kutetea mradi mhadhiri hakuuliza mengi. Aliuliza: vifuko vya kutolea maji viko vingapi, na kimoja kinachukua sekunde ngapi kujaa na kumwagika? Nikamjibu, "Vimehifadhiwa, dokta." Watu walicheka hadi mlangoni. Seli iliyokufa haipigi pampu, na mimi sikuwa nimeona hata moja ikipiga. Niliporudi Nyalenda, dimbwi lilikuwa vumbi na bodaboda zinapita juu yake. Nikalipa karo ya muhula wa ziada. Yule mzee alinipa pole na kuniuliza kama formalini ilibaki.

Kwa hiyo: TAZAMA KIKIWA HAI KWANZA. Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini zake, aliwaandikia watu wa Royal Society, chama cha wanasayansi kule London, kuhusu vidudu vya maji ya mvua mwaka 1676. Formalini ilianza kutumika kuhifadhi tishu 1893. Miaka 217 watu walitazama bila hiyo chupa yako, na waliona vizuri kuliko mimi wa 2018.

Chukua tone kutoka sakafuni mwa chupa, pale kwenye takataka, ndiko zinakolisha. Paka vidoa vidogo vya vaselini kwenye pembe nne za kioo cha kufunikia ndipo ufunike, la sivyo kioo kinaziponda. Anza na lenzi ndogo. Zikikimbia sana, gusisha karatasi ya shashi ukingoni, inyonye maji kidogo kidogo. Kioo kitashuka taratibu hadi kidudu kibanwe pasipo kupasuka. Hapo ndipo raha ilipo. Kwenye Paramecium utaona vifuko viwili, mbele na nyuma, kila kimoja na mifereji imekizunguka kama miali ya nyota. Mifereji inajaa, nyota inafifia, kifuko kinavimba kuwa duara jeupe, kisha pap, kimetoweka. Halafu nyota tena. Washa saa ya simu uhesabu. Kwenye Colpoda kiko kimoja tu, mwisho wa nyuma. Chora, rekodi video kupitia lenzi ya macho, ndipo utie rangi upande mmoja wa kioo huku shashi ikivuta upande wa pili. Ukiona mishale, usiipime.

Na usiongeze maji ya mfereji, klorini itakufanyia kazi ya formalini bure.

Najua hofu yako, udongo wa Nakuru unakunywa maji upesi, kesho dimbwi halipo. Basi kwangua tope lililokauka palepale, litie kwenye bahasha ya karatasi. Colpoda hujifungia kwenye ganda dimbwi linapokauka na kungoja. Mwagia maji ya mvua, kesho yake ziko nje zinaogelea. Mwezi wa kumi na moja mradi wangu uliokolewa na bahasha moja ya vumbi ambayo mama watoto alikuwa ameshaipeleka kwenye ndoo ya taka. Paramecium usiitegemee kwa njia hiyo, ikikauka, basi.

Hizo chupa 9 umezifunga tangu jana, sivyo? Legeza vifuniko sasa hivi, uziweke kivulini, hewa imeanza kuziishia. Ukimaliza rudi hapa utuambie nyota umeziona ngapi.