Mito mitatu ya baba yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza, "Mama, hivi dawa za presha ukishazianza ndiyo huwezi kuziacha tena?" Umepimwa mara tatu, zote imezidi 150 kwa 100, daktari kakuandikia vidonge, nawe umevifungia kabatini kwa kuwa huumwi kitu. Swali nimelisikia. Ila kila nikikaa kulijibu naiona mito ya baba yako.

Unaikumbuka, ile ya sufi niliyoishonea foronya za kitenge mwaka ulipokwenda JKT. Baba yako alikuwa mtu wa mto mmoja. Mwaka 2016 akaanza kuomba wa pili, nikadhani ni shingo. Ukaja wa tatu, nikautoa chumbani kwenu. Halafu nikawa naamka usiku namkuta amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, anahema kama aliyepanda Lushoto kwa miguu. "Joto," anasema. Tanga hii, mwezi wa saba, joto gani? Akivua soksi zinaacha mfereji mguuni. Ukimbonyeza kifundoni kwa kidole, shimo linabaki. Shimo lile nililiona kwa macho yangu, nikalipaka mafuta ya nazi.

Miezi minne, mwanangu. Zahanati tuliyokwenda walimpa dawa ya kikohozi, mara ya pili wakasema pumu. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu, maana hakuna aliyemfunga ule mkanda wa presha mkononi, wala aliyemuuliza analalia mito mingapi. Lakini hata wangeuliza, yeye angesema mmoja. Aliyejua hesabu ni mimi, na mimi nilikaa kwenye benchi nje nikishika mkoba.

Tulipofika Muhimbili, kwenye ile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, daktari mmoja kijana alimpima eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, akanionyesha moyo wa mume wangu ukicheza kwenye kioo. Umetanuka, unajikongoja. Akaniambia presha ikikaa juu miaka mingi, moyo unakuwa kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa kwa ndani: misuli inanenepa, inakakamaa, mwisho inachoka. Damu isiposukumwa sawasawa maji yanatuama. Yakijaa kwenye mapafu, mtu hawezi kulala chali. Yakishuka miguuni, ndiyo lile shimo. Akasema hiyo inaitwa moyo kushindwa kufanya kazi. Nikaanza kulia palepale, nikidhani maana yake unasimama kesho. Kumbe watu huishi nao.

Kwetu huku kila mtu "ana moyo". Shangazi zako wamechoka kunisikia, lakini nitasema tena: moyo si ugonjwa mmoja. Mjomba wako wa Korogwe alibanwa kifua, jasho likamtoka, maumivu yakaenda mkono wa kushoto mpaka tayani, watu wakamnywesha dawa ya vidonda vya tumbo. Kumbe ni mshipa unaoulisha moyo wenyewe uliziba, na huo hausubiri asubuhi, ni kukimbizwa hospitali saa ileile. Binti wa shangazi yako ni valvu, vile vimilango vya ndani ya moyo, ziliharibiwa na homa iliyofuata mafindofindo ya utotoni, na mpaka leo anachomwa penisilini kila wiki nne. Moyo si ugonjwa mmoja, kwa hiyo usije ukaazima kidonge cha mtu.

Baba yako alianzishiwa furosemaidi, dawa ya kukojoza maji yaliyozidi, na nyingine za kuupunguzia moyo mzigo. Siku za kwanza choo kilikuwa chake, sisi wengine tulibisha hodi. Asubuhi ya tano nikamkuta amelala chali, mto mmoja, mdomo wazi, anakoroma. Nikaichukua ile miwili nikaenda nayo ukumbini, nikacheka peke yangu kama mwehu. Sijawahi kufurahia mkoromo namna ile. Baada ya hapo ikawa vita ya chumvi, "mchuzi huu mmeuosha?", unayajua.

Alimeza miaka minne bila kukosa, na bado tulimzika. Kwa hiyo usiseme mama anakuuzia vidonge. Lakini baada ya arobaini, nikipanga sanduku lake, nilikuta karatasi ya kupimwa afya kazini ya mwaka 1998. Presha 160 kwa 100, na chini yake: arudi kliniki. Imekunjwa mara nne. Alikuwa na umri wako, na alikuwa haumwi kitu. Angerudi, je? Labda ningekuwa naye leo. Labda hivyohivyo tu. Usiku mwingine najibu hivi, usiku mwingine vile.

Jibu lako: mara nyingi ni za maisha, si kwa sababu zinakuzoeza, ila presha hutulizwa, haiponi. Wapo wanaopunguza chumvi na mwili wakapunguziwa vidonge, lakini anayepunguza ni daktari. Katika vidonge hivyo vya presha, amlodipini huweza kuvimbisha vifundo, enalaprili kuleta kikohozi kikavu. Ikikusumbua, mwambie akubadilishie, usiache kimyakimya.

Kukuambia umeze sikuambii. Una miaka arobaini na mbili na mke. Ulimi unaniwasha, lakini sikuambii.

Karatasi nimempa mdogo wako akuletee akija Dar. Na foronya moja ya kitenge iko kwako, mkeo aliichukua wakati wa msiba. Kaeni nayo.

Mama yako