Rada ya mvua: tazama vilimani kabla hujavuka mto

Wengi wakifungua rada ya mvua kwenye simu hutafuta mahali walipo, wakiona pakavu wanawasha gari. Kwa aliyeanika nguo hiyo inatosha. Kwa mto haitoshi kabisa, maana maji yatakayofunika daraja yananyesha huko juu, pengine wewe ukiwa juani.

Anza na ramani yenye mistari ya mwinuko. Fuata mto kwenda juu pamoja na vijito vyake, hadi kwenye migongo ya milima inayogawa maji, kisha weka alama. Humo ndani ya alama ndimo mwa kutazama. Bonde dogo lenye miteremko mikali hufurika ndani ya saa moja, ila mto mkubwa huweza kuchukua siku kadhaa.

Rangi ni ukali wa mvua wakati ule, na ngazi zake hazilingani. Usomaji wa dBZ, yaani kipimo cha nguvu ya mwangwi unaorudi kwenye rada, ukiwa 30 ni kama milimita 3 kwa saa, 40 ni kama 12, na 50 hukaribia 50. Lakini kinachojaza mto ni jumla. Wingu jekundu la milimita 50 kwa saa likipita kwa dakika kumi huacha kama milimita 8. Njano ya milimita 12 ikiganda kwa saa tatu huacha 36, na juu ya bonde la kilomita 20 za mraba hizo ni mita za ujazo 720,000. Kwa hiyo fungua ramani ya jumla ya saa 1, 3 na 24, halafu chezesha picha za saa iliyopita. Mawingu yakipita mstari uleule, moja nyuma ya jingine, ahirisha safari.

Rada nayo hudanganya, hasa milimani. Mwale wake hupanda kadiri unavyokwenda mbali: kwa kilomita 100 uko juu kama kilomita 1.5, kwa 200 umepita 4, na mvua ya chini inapita bila kuonekana. Mlima nao huuziba. Ukiona kipande cha ramani ambacho hakipati mvua hata siku inaponyesha kila upande, hicho ni kivuli cha mlima, si ukavu. Mvua ya mawe, kinyume chake, hutiwa chumvi. Kagua pia saa ya picha, kwani nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, si saa ya kwenu. Na pasipo na rada, baadhi ya programu hujaza makisio ya setilaiti bila kukwambia.

Kwa barabara za milimani, jumla ya siku zilizopita ina uzito kuliko rangi ya sasa. Udongo ulioshiba huporomoka hata saa kadhaa baada ya mvua kukatika, kwa hiyo usiegeshe chini ya ukingo uliochongwa wala kwenye kona inayokatiza korongo. Kijito kikipungua ghafla huku mvua inaendelea, huenda kimezibwa juu: panda pembeni mara moja, usikimbie kufuata bonde.

Maji ya kasi ya sentimita 15 humwangusha mtu, 30 huelea nayo magari mengi madogo, 60 hubeba karibu gari lolote. Usiku huoni hata kama lami bado ipo chini yake. Rada ya mwisho itazame kabla ya kuingia korongoni, mahali penye mtandao na nafasi ya kugeuza gari.