Data Yako Si ya Kubuni: Tarehe na Namba za Simu Zinapovurugika Ukitoka SPSS Kwenda Stata

Dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili Mbarara aliniandikia juzi, amekata tamaa. Amehamisha data yake kutoka SPSS kwenda Stata, programu mbili za kuchakata takwimu, na safu ya tarehe imejaa namba kama 13934678400. Msimamizi wake anamwambia akakusanye upya. Nilikasirika, maana hayo yalishanipata.

Miaka kadhaa nyuma nilipeleka data ya kaya kwenye ofisi moja Kampala. Tulikuwa tumezunguka Arua hadi Koboko, tukihoji kwa Kiswahili na Kilugbara, mvua yetu, jua letu. Mkubwa wa pale akafungua faili, akaona tarehe hazisomeki, akatamka mbele ya watu kwamba nimezibuni. Malipo ya mwisho sikuyaona. Data ilikuwa nzima! Mpaka leo neno lile linaniuma.

SPSS huhesabu sekunde tangu 14 Oktoba 1582, mkesha wa kuanza kwa kalenda ya Gregori. Stata huhesabu siku tangu 1 Januari 1960. Basi 13934678400 ni 10 Mei 2024, siku makarani wa sensa walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Uganda. Gawanya kwa 86,400, sekunde za siku moja, toa 137,775, siku zilizo kati ya mianzo hiyo miwili, utapata 23506. Ipe %td, fomati ya tarehe ya Stata, na itasomeka.

Namba za simu ndizo za kuogopa. Namba inayoanza na 256 ina tarakimu 12, na Stata huweza kuionyesha kama 2.57e+11. Andika amri ya describe kwanza, uone safu imehifadhiwa vipi: kama double, aina yenye nafasi kubwa, au float, aina yenye nafasi ndogo. Ikiwa ni double, format %12.0f itakuonyesha tarakimu zote. Ikiwa ni float, ole wako: float huhifadhi kila namba nzima kwa usahihi hadi 16,777,216 tu, zaidi ya hapo hukadiria. Hakuna fomati itakayorudisha kilichopotea. Rudi kwenye faili la SPSS, uilete namba ya simu kama maandishi. Na unapounda safu ya namba ndefu kwa amri ya generate, taja double, la sivyo Stata itakupa float.

Angalia pia 99, ikiwa ndiyo namba uliyoweka kwa jibu la "hajui", isije ikahesabiwa kuwa umri wa mtu.

Ndugu zangu, mnaotamani kuwa watakwimu wa kuheshimika, tazameni jinsi namba ilivyohifadhiwa kabla ya kumwita mtu mwongo. Ninyi wakubwa, kijana amelala njaa mashambani kwa ajili ya safu hiyo. Muulizeni kwanza. Tazameni kwanza!

Dada yangu, usirudi kijijini. Fungua mafaili yote mawili mbele ya msimamizi wako, pigeni pamoja hesabu ya mstari mmoja, akigawanya yeye mwenyewe. Akikataa bado, niandikie, nitakuja Mbarara.